Bodaboda Ashike Spana Kabla ya Leseni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA).

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Kikosi cha Usalama Barabarani, waagizaji na wauzaji wa pikipiki.

YAH: MATENGENEZO YA PIKIPIKI KUWA SEHEMU YA MAFUNZO NA MTIHANI WA DEREVA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Mbagala, Nyakato au Soweto ya Mbeya, hazipiti saa nyingi kabla pikipiki moja haijapandishwa stendi kubwa na gurudumu lake kuwekwa chini. Mmoja anakaza cheni, mwingine anamulika kwa tochi ya simu, na wa tatu, ambaye hakuna aliyemuuliza, anatoa ushauri. Hicho ndicho chuo cha ufundi wa pikipiki chenye wanafunzi wengi kuliko vyote nchini. Hakina ada, hakina mtaala, na hakuna mkaguzi aliyewahi kukitembelea.

Barua hii inaomba jambo moja: mtu asipewe cheti cha udereva wa pikipiki kabla hajaonyesha, kwa mikono yake na mbele ya mwalimu, kwamba anaweza kuikagua pikipiki, kuitunza, na kuitoa porini ikizimika.

Mafunzo ya muda mfupi yanayofanyika kwenye kumbi za kata na vijiweni yamefanya kazi ya maana. Dereva anatoka akijua alama za barabarani, kofia ngumu, namna ya kuingia kwenye mzunguko na hatari ya kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Lakini wakati mwalimu akichora makutano ubaoni, pikipiki zenyewe zimeegeshwa nje, juani. Nyingine ina cheni inayoning'inia, nyingine tairi la nyuma limekuwa kipara. Somo linakwisha, kila mmoja anapanda chombo chake vilevile kilivyokuja, anaondoka.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye chombo asikiingize barabarani kikiwa kibovu. Ni haki kumdai dereva hilo. Haki hiyo inatimia pale anapokuwa amefundishwa ubovu unaonekanaje kabla haujamwangusha.

Pikipiki inayoibeba nchi hii ina sababu ya kutengenezeka chini ya mwembe. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa CG125, chombo kilichobuniwa mahsusi kwa nchi ambako kingefanya kazi kila siku, kingebebeshwa kupita kiasi na kingeonana na fundi siku ya kuharibika tu. Badala ya kuweka kemshafti juu ya silinda na kuizungusha kwa cheni ya ndani, wahandisi walirudi kwenye mtindo wa zamani wa fito zinazosukuma valvu. Cheni ya nje waliifungia ndani ya boksi la bati ili vumbi na tope visiifikie. Viwanda vya China viliichukua injini hiyo na kuinakili kwa mamilioni. Injini nyingi za 125 zilizogongwa namba 156FMI ni za ukoo huo: silinda moja inayopozwa kwa hewa, kipenyo cha milimita 56.5, na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Ndiyo maana mara nyingi pistoni, gasketi au kabureta iliyonunuliwa Kariakoo kwa jina la kampuni moja huingia bila ubishi kwenye pikipiki ya jina jingine, na fundi wa Sumbawanga huitengeneza pikipiki ambayo aliyeiagiza alishafunga duka.

Hata hivyo, wahandisi waliotarajia kwamba mwenye pikipiki hatajisumbua walimwachia kazi nne ambazo hakuna ubunifu ulioweza kuziondoa: kubadili oili, kutunza cheni, kurekebisha breki na kupima tapeti. Bajaj na TVS za kutoka India zina injini za muundo mwingine, lakini orodha ya kazi ni ileile. Kibaya zaidi, pikipiki nyingi za kunakili zilikuja bila lile boksi la cheni.

Oili ndiyo ya kwanza. Injini ya ukoo wa CG haina filta ya karatasi kama ya gari. Ina kichujio cha waya, na kikombe kinachozunguka ambacho hunasa uchafu kwa nguvu ya mzunguko. Oili yenyewe ni takribani lita moja tu, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, giaboksi na klachi. Gari dogo lina oili mara tatu au nne ya hiyo, na halishindi siku nzima likipanda na kushuka gia kati ya abiria na abiria. Dereva anayesubiri mpaka oili "ionekane nyeusi sana" amesubiri mno. Anayeongeza mpya juu ya chafu bila kumwaga iliyokuwemo amejidanganya. Na anayemimina oili yoyote ya gari anajitafutia tatizo jingine, kwa sababu baadhi ya oili za magari ya kisasa zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, ilhali klachi ya pikipiki imelowa ndani ya oili hiyo na inaishi kwa msuguano. Matokeo yake klachi inateleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Kopo la oili ya pikipiki lenye alama ya JASO MA linamwambia mnunuzi kwamba oili hiyo imepimwa kwa klachi ya namna hiyo. Ni herufi chache, na nafasi yake ni ubaoni, darasani.

Cheni inafuata, na hapa kijiwe kinajua nusu ya somo. Karibu kila dereva anajua kuikaza. Wachache wanajua kwamba ikikazwa mno ni hatari kama ikilegea. Abiria wawili na gunia la mkaa wakikaa nyuma, shokabsoba zinashuka na cheni inavutika zaidi, mpaka bearingi za giaboksi na za gurudumu zinaanza kulika. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo unaotakiwa katikati ya cheni ni kama milimita 20 hadi 30, na kijitabu cha kila pikipiki hutaja kiwango chake. Kuna alama za kukatakata pande zote mbili za mkono wa nyuma. Zisipolingana, gurudumu limekaa upande, tairi linalika vibaya na meno ya spoketi yanachongoka.

Halafu ipo loki ya cheni, kile kibati kidogo kinachofunga kiungio. Upande wake uliofungwa unatakiwa kutazama mwendo wa cheni, na upande wenye mwanya utazame kinyume chake. Ikigeuzwa, jiwe moja au kijiti kimoja kinaweza kuichomoa. Cheni ikitoka kwa mwendo wa kasi inaweza kujisokota kwenye spoketi ya mbele na kulibana gurudumu la nyuma, au kulipasua kasha la injini. Kulielekeza jambo hilo kunachukua dakika moja. Asiyeelekezwa anaweza kuendesha miaka akiwa ameigeuza na asijue alichoponea.

Kuhusu breki, mwalimu anayetaka mfano aende Mombo, aangalie pikipiki zinazoteremka kutoka Lushoto, au asimame pembeni ya mlima Kitonga. Breki ya ngoma ya nyuma inafanya kazi kwa kubana shuu mbili ndani ya habu. Shuu zikilika, pedali inashuka zaidi, na dereva anazungusha nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki ili kuirudisha juu. Wiki mbili baadaye anaizungusha tena. Nati hiyo inampa raha ya uongo, kwa kuwa inaweza kuendelea kukazwa hata shuu zikiwa zimekwisha na chuma kimeanza kukwangua habu.

Kwenye pikipiki nyingi upo mshale mdogo pembeni ya mkono wa breki, na alama kwenye sahani ya habu. Breki ikikanyagwa mpaka mwisho na mshale ukafika kwenye alama, shuu zimekwisha. Dereva hahitaji kufungua kitu. Wanaojua maana ya mshale huo wanaweza kuhesabiwa katika kijiwe chochote, na swali hilo lingefaa kuwa la kwanza kwenye mtihani. La pili liwe hili: kwenye mteremko mrefu, kwa nini gia ishushwe badala ya kukanyaga breki njia nzima? Kwa sababu habu ikipata moto sana shuu zinapoteza nguvu ya kubana, na dereva anagundua hilo akiwa kwenye kona.

Isionekane kwamba barua hii inadharau elimu ya kijiweni. Sehemu kubwa yake ni hazina, na inastahili kuandikwa. Dereva wa barabara za vumbi anajua kwamba pikipiki iliyozimika baada ya kuvuka mto haihitaji fundi mara moja. Anachomoa kofia ya plagi, anaikausha, anapuliza. Ikigoma, analegeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta na kuacha petroli kidogo imwagike pamoja na maji yaliyotuama chini, kisha anapiga kiki. Waya wa klachi ukikatika kilomita 20 kutoka mjini, anaisukuma pikipiki ikiwa fri, anarukia, anaingiza gia kwa mwendo, halafu anapandisha nyingine kwa kuachia mafuta sekunde ileile anayokanyaga gia. Ataingia mjini polepole, lakini ataingia.

Anasoma plagi vilevile. Ikiwa ya kahawia nyepesi, mambo ni shwari. Masizi makavu meusi yana maana petroli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni filta ya hewa iliyoziba vumbi. Plagi nyeusi iliyolowa oili inaonyesha ringi au valvu zimeanza kupitisha. Ikiwa nyeupe, injini inachemka, pengine kwa sababu inavuta hewa mahali isipopaswa. Mwanafunzi anayefundishwa rangi hizo nne anatoka na kipimo cha afya ya injini kisichohitaji umeme wala kompyuta.

Pancha nayo ina adabu yake. Kabla ya kiraka, kidole kinapitishwa taratibu ndani ya tairi kutafuta msumari au mwiba, maana asiyeutoa atarudi kwa fundi yuleyule baada ya kilomita moja. Tyubu inakwaruzwa, solusheni inapakwa na kuachwa ikauke kidogo, ndipo kiraka kinabandikwa. Vijana wengi wanabandika ikiwa bado mbichi kwa haraka ya abiria, na kiraka kinaachia mchana jua likiwa kali.

Lakini kijiwe hicho hicho kinarithisha na mengine. Fyuzi ikiungua mara mbili, mtu anazungushia karatasi ya sigara yenye ng'aro, au anaunga waya moja kwa moja. Taa zinawaka, na siku waya utakapogusana na chuma hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, kwa moto, chini ya tangi la petroli. Filta ya sponji inaoshwa kwa petroli pembeni ya mtu anayevuta sigara, wakati maji na sabuni vingetosha, ikaushwe kivulini na kupakwa oili kidogo. Tapeti zinasetiwa kwa sikio, ilhali kwenye CG125 nafasi inayotakiwa injini ikiwa baridi ni milimita 0.08. Hakuna sikio linalopima hivyo. Fila geji ndiyo inayopima. Tapeti iliyobanwa mno hailii kabisa, na kwa sababu hailii dereva anafurahi, mpaka valvu inaungua na pikipiki inakataa kuwaka asubuhi.

Hapo ndipo mtaala wa VETA ungefanya ambalo kijiwe hakiwezi: kuchambua. Ungeyahifadhi yaliyo sahihi, ungeyaondoa yanayoua, na ungechora mpaka kati ya kazi ya dereva na kazi ya fundi. Kukagua oili, kukaza na kulainisha cheni, kurekebisha breki na klachi, kubadili plagi, kusafisha filta, kuziba pancha na kubadili fyuzi ni kazi za dereva. Kufungua injini, kuseti tapeti, kunyoosha rimu, kubadili bearingi za usukani na kuunga nyaya upya ni za fundi. Dereva aliyefundishwa vizuri anajifunza pia kusema "hili silifungui".

Na fundi naye asisahaulike. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kwa miaka. Mafundi wa pikipiki walio pembeni ya vijiwe wanafaa kutangulizwa. Wapimwe palepale wanapofanyia kazi, kwa zana walizonazo, na pale penye upungufu waelekezwe. Kisha hao hao waliofaulu walipwe kuwa wakufunzi wa somo la matengenezo katika kata zao. Vyuo kama Kihonda na Chang'ombe vina walimu wa magari na karakana, lakini havitaifikia kila kata. Fundi wa Kibondo yuko Kibondo tayari.

Lipo suala la fedha, na haliwezi kufichwa. Bodaboda wengi hawaendeshi mali yao. Wako kwenye mkataba au wanapeleka hesabu kila jioni, na hesabu haiulizi kama leo ilikuwa siku ya kumwaga oili. Anayejua madhara ya kuchelewa bado anaweza kuchelewa kwa kuwa mfuko umekauka. Kwa hiyo LATRA inaombwa ihimize mikataba ya maandishi itakayosema bayana nani ananunua oili, nani ananunua tairi na spoketi, na ni siku gani katika mwezi pikipiki inakaa kwa matengenezo bila kudaiwa hesabu. Mwenye pikipiki aliyeweka fedha zake humo ana faida ya moja kwa moja katika kifungu hicho. Cheni na spoketi zake mbili zikibadilishwa pamoja kwa wakati, hatalipia kasha la injini lililopasuka.

Wauzaji nao wana deni. Pikipiki mpya huja na mfuko mdogo wa spana na kijitabu. Spana hizo mara nyingi hazimalizi mwezi, na kijitabu, kikiwemo, kimeandikwa kwa Kiingereza chenye michoro midogo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha kwa kuanzia: aina ya oili na kiasi chake, mchezo wa cheni, mwanya wa plagi, nafasi ya tapeti, na upepo wa tairi la nyuma dereva akiwa peke yake na akiwa na abiria. Uchapwe kwenye stika isiyofutika na kubandikwa chini ya siti. Stika hiyo hiyo ingemfaa dereva wa Mombasa, Bujumbura na Bukavu, kwa kuwa chombo ni kilekile na lugha ni hiyo hiyo.

Kwa Kikosi cha Usalama Barabarani ombi ni dogo. Askari anaposimamisha pikipiki na kuangalia leseni, bima na kofia ngumu, ainame pia mara moja atazame mshale wa breki ya nyuma na loki ya cheni. Atakapokuta kasoro, amwonyeshe dereva. Habari ya ukaguzi wa namna hiyo itafika kijiweni kabla askari hajarudi kituoni.

Wapo watakaosema pikipiki za umeme zinakuja na ufundi huu utapitwa. Ni kweli zimeshaingia kazini Kigali na Nairobi, na hazina oili ya injini, plagi wala kabureta. Bado zina tairi, breki na bearingi, na baadhi zina cheni. Kinachoongezeka ni nyaya na betri zenye nguvu ambazo mtu hapaswi kuzichezea kwa waya wa kuunga na karatasi ya sigara. Dereva aliyezoea kufundishwa mpaka wa kazi yake atazipokea salama kuliko aliyezoea kujaribu.

Mtihani unaopendekezwa hauhitaji jengo jipya. Ni pikipiki moja kuukuu, spana chache, pampu, kipimo cha upepo na fila geji ya mwalimu. Mtahiniwa apewe dakika 20. Apime oili. Aseme breki imebakiza nini kwa kutazama mshale. Akaze cheni kwa alama zinazolingana. Aonyeshe upande wa loki. Achomoe plagi na kueleza rangi yake. Amwage maji kwenye kabureta. Mwisho ataje kazi tatu ambazo hatazigusa bila fundi. Akishindwa, arudi wiki inayofuata.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, somo hili lianze kwa majaribio katika mikoa michache, mmoja wenye milima kama Tanga au Iringa na mmoja wa tambarare yenye tope la mfinyanzi, na mafundi wa mitaani wawe mezani tangu siku ya kuandika mtaala. Msingoje mradi wa wafadhili. Waiteni, muwasikilize, mchape kurasa chache za Kiswahili chepesi, na muhula ujao wa mafunzo ya bodaboda uanze kwa kuitoa pikipiki juani na kuiingiza darasani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwandishi.